Faida ya Mitumba na Haki za Watu Zilizomo Ndani Yake

Katika mambo yaliyoenea sana zama hizi ni mtu kununua nguo na vitu vilivyokwisha kutumiwa kwa bei ndogo, kisha kuvitia picha katika simu na kuviuza kwa bei kubwa. Wengine husema faida hiyo ni halali yote, kwa kuwa ni biashara. Wengine husema ni haramu yote, kwa kuwa asili ya vitu vile ni sadaka. Kauli zote mbili zimeruka mpaka. Katika faida hiyo iko halali safi, na iko dhulma iliyofunikwa, na yapasa kila mwenye kuuza ajue kuzipambanua kabla hajaitia fedha mfukoni mwake.

ASILI YA BIASHARA HII

Nguo hizi huitwa mitumba. Wazee waliziita kafa Ulaya, kwa dhana kwamba ni nguo za maiti wa huko. Dhana hiyo si kweli. Nyingi katika nguo hizo ni za watu walio hai, waliozichoka wakazitoa kwa vyama vya kusaidia maskini. Vyama hivyo huchagua zilizo njema wakaziuza katika maduka yao, ili zipatikane fedha za kazi zao; zisizonunuliwa huuzwa kwa uzani kwa matajiri, nao huzipanga kwa daraja, wakazifunga mabelo, wakazipakia melini. Ama utohara wake, asli ya kila kitu ni kuwa tohara mpaka ijulikane najisi yake; na kuzifua kabla ya kuvaa ni bora na ni usafi.

Katika Tanzania serikali ilizizuia kwa miaka mingi, kisha ilipolegeza biashara ya nje katika miaka ya 1980 zikamiminika. Mwaka wa 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikata shauri kuziondoa kidogo kidogo hata mwaka wa 2019, ili viwanda vya nguo vya nchi zao visimame. Marekani ikatishia kuziondolea nchi hizo nafuu ya ushuru iitwayo AGOA. Tanzania, Kenya na Uganda zikarudi nyuma. Rwanda ikashikilia, ikasimamishiwa nafuu hiyo katika nguo mwaka wa 2018. Basi biashara hii imebaki ruhusa kwa sharia ya nchi, illa nguo za ndani zilizotumika, ambazo Shirika la Viwango Tanzania limezipiga marufuku kwa ajili ya afya za watu. Na kuzikwepesha machoni pa wakaguzi ni kuwadhuru wanunuzi pamoja na kuvunja amri.

Na watu wa Pwani wasidhani kwamba jambo hili ni la wengine. Watazame Buswelu, kata iliyo katika Ilemela, mkoa wa Mwanza, penye makao ya Halmashauri ya Manispaa ya Ilemela. Belo hushuka bandari ya Dar es Salaam, likapanda gari mpaka Mwanza, likafunguliwa katika soko la Mlango Mmoja. Kijana wa Buswelu huamka alfajiri, akachagua koti moja na mashati manne, akayafua, akayapiga pasi, akayapiga picha. Na anayemletea fedha kwa simu yuko Tanga au Unguja. Nguo iliyoshukia Pwani yarudi Pwani. Mtu wa Pwani yuko mwanzo wa njia hiyo na mwisho wake, kwa hiyo hukumu zake zamkhusu.

MAS-ALA YA KWANZA: JE, FAIDA INA MPAKA?

Kijana amenunua koti kwa shilingi 5,000, akaliuza kwa shilingi 50,000. Je, amedhulumu?

Sharia haikuweka kipimo cha faida. Yapokewa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alimpa Urwa al-Bariqi dinari moja amnunulie mbuzi. Urwa akanunua mbuzi wawili kwa dinari ile, akamuuza mmoja kwa dinari moja, akarudi na mbuzi na dinari yake. Mtume hakumlaumu, bali alimwombea baraka katika biashara yake. Faida hiyo ilikuwa sawa na rasilimali nzima, nayo ilipatikana siku moja.

Na wala faida ya kijana si ya bure. Ametoka usiku, amepanda gari, ameinama juu ya rundo akapekua nguo 200 ili apate 5. Ameshona kifungo kilichokatika. Na zisipouzwa, khasara ni yake peke yake. Muuzaji wa sokoni naye hakudanganyika. Ametangaza bei moja kwa kila nguo, naye yuwajua kwamba ndani ya rundo iko inayozidi hiyo na iko isiyofika. Amependa kumaliza belo lake kwa upesi, na mwenzake amependa kuchagua kwa taabu. Hawa wameridhiana, na kuridhiana ndiko nguzo ya biashara.

Basi ukubwa wa faida peke yake si dhambi. Liulizwalo ni hili: faida hiyo imetoka wapi? Ikiwa imetoka katika kazi ya mtu na maarifa yake na kuchukua kwake khatari, ni halali yake. Ikiwa imetoka katika uwongo, au katika amana aliyoivunja, au katika ujinga wa mtu aliyemtegemea, basi huko ndiko yaliko maneno.

MAS-ALA YA PILI: KITU KILICHOKUWA SADAKA

Wasemao kwamba mitumba ni sadaka, na sadaka haiuzwi, wamesahau kisa cha Barira. Huyu alikuwa mwanamke aliyepewa nyama ya sadaka, naye akaipeleka katika nyumba ya Mtume. Mtume, ambaye sadaka haikuwa halali kwake, akabainisha kwamba nyama ile kwa Barira ni sadaka, na kwao wao ni zawadi. Kutokana na hayo wanavyuoni wamefahamu kwamba kitu kikibadilika mkono kwa njia ya haki, hukumu yake nayo hubadilika. Nguo iliyokwisha kuuzwa na chama, ikauzwa na tajiri, ikauzwa na mwenye belo, si sadaka tena.

Na maskini akipewa nguo, ni mali yake. Akitaka avae, akitaka auze apate unga, na anunuaye kwake hana makosa.

Lakini hapa wako watu watatu wasiosalimika. Wa kwanza ni mwenye uwezo anayejipanga pamoja na mafakiri siku ya kugawiwa nguo msikitini au shuleni, ili apate bidhaa ya kuuza kwa simu. Huyu amekula kwa sura ya umaskini asio nao, na kila nguo aliyochukua imepungua kwa mtoto aliyekuwa nyuma yake katika safu. Wa pili ni mwenye kuaminiwa kugawa, akafungua furushi usiku, akatoa nguo njema, akaacha matambara. Huyu ni khaini. Hata akisema, "Nimeziweka fedha zake kisandukuni," haimfai; kwani wakili hajiuzii mwenyewe mali aliyowakilishwa, wala haibadili kazi aliyopewa bila ya idhini ya aliyempa. Wa tatu ni mwenye kutangaza kwamba anakusanya nguo kwa ajili ya mayatima, kisha akaziuza kwa faida yake. Watu walitoa kwa nia, naye ameiba nia zao pamoja na nguo zao.

MAS-ALA YA TATU: MUUZAJI ASIYEJUA THAMANI YA KITU CHAKE

Mlango huu ndio mgumu kuliko yote, na ndipo wanapoteleza hata watu wema.

Vijana wa biashara hii hawasimami sokoni tu. Hupita majumbani, toka Buswelu mpaka vijiji vya kando ya ziwa, wakiuliza kama kuna vitu vya kale. Tuseme kwa mfano kwamba mjane amemtolea kijana sanduku la marehemu mumewe: kanzu, koti la sufi, na saa ya mkono iliyosimama. Kijana atazama saa, aijua, na ajua kwamba akiitia picha leo, kesho ataipata kwa shilingi 300,000. Mjane asema, "Nipe 10,000 kwa vyote." Je, ampe 10,000 na kuondoka?

Jawabu lina daraja tatu.

Daraja ya kwanza ni ya sheria tupu. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, mtu mzima mwenye akili akiuza mali yake mwenyewe kwa bei ndogo, bila ya kudanganywa, bei yasihi, na kupunjika peke yake hakumpi haki ya kurudisha. Lakini yatazamwe masharti hayo. Mjane akiuliza, "Je, saa hii ina thamani?" na kijana akajibu, "Hii imekufa, ni chuma tu," hapo biashara imekwisha kuwa khadaa. Mwenye kutakwa shauri ameaminiwa, na amana haigeuzwi mtego. Tena Mtume alikataza watu kutoka nje ya mji kuulaki msafara na kununua bidhaa zao kabla hawajafika sokoni, na mwenye bidhaa akapewa khiyari akifika na kuona bei. Hekima ya katazo hilo yajulikana: msafiri hajui bei ya mji, na aliyemtangulia njiani yuwajua. Mjane aliye ndani ya nyumba yake, asiyejua bei za mitandao, anafanana sana na msafiri yule.

Daraja ya pili ndiyo wengi waisahauyo. Sanduku lile si la mjane. Ni mirathi. Mume akiwa ameacha watoto, fungu la mke ni thumuni, yaani 1 katika 8. Yaliyobaki ni ya warithi wengine, na huenda miongoni mwao wako watoto wadogo. Mali ya yatima haiuzwi ila na mwenye usimamizi wa sharia, na kwa masilahi ya yatima, na kwa bei ya mfano wake. Kuiuza kwa bei iliyopunguka sana hakusihi. Basi kijana aliyetoa 10,000 akachukua saa ya 300,000, naye ajua kwamba mwenye saa amekufa na watoto wake wanacheza uani, asijidanganye kwamba amefanya biashara na mjane. Amenunua kwa asiyemiliki, na iliyo mkononi mwake ni mali ya mayatima. Yampasa aulize kwanza: Je, mirathi imegawanywa? Hiki ni kitu cha nani? Na ikiwa alikwisha nunua, airudishe, au awape warithi bei yake ya haki. Hakuna mlango wa tatu.

Daraja ya tatu ni ya ihsani. Imamu Abu Hanifa, aliyefariki mwaka wa 150 wa Hijra, yaani 767, alikuwa muuza nguo katika mji wa Kufa. Yasimuliwa kwamba alijiwa na mwanamke mwenye nguo ya hariri, akataka 100. Imamu akamwambia kwamba nguo ile yazidi hiyo. Mwanamke akaongeza 100 nyingine, na nyingine, hata akafika 400, na Imamu yuwasema bado. Mwanamke akadhani anachezewa. Basi akaletwa mtu wa kuikadiri, na Imamu akainunua kwa 500. Mnunuzi huyu hakusema uwongo hata kama angetoa 100. Lakini alikataa kuufanya ujinga wa mwenzake kuwa rasilimali yake.

Na kijana asiyeweza kufika daraja ya Imamu ana njia nyepesi isiyomnyima riziki. Amwambie mwenye kitu: "Hiki chaweza kupata bei kubwa. Nipe nikuuzie, na mimi nipe ujira kadha." Wakapatana ujira unaojulikana. Hapo amekuwa wakili, jasho lake limelipwa, na mwenye haki amepata haki yake.

MAS-ALA YA NNE: MNUNUZI ASIYEONA ILA PICHA

Mtume alipita sokoni penye rundo la nafaka, akatia mkono ndani, vidole vikapata umaji. Mwenye nafaka akatoa udhuru kwamba imenyeshewa na mvua. Mtume akamfundisha kwamba lililo mvua lingewekwa juu watu walione, na akawatenga na umati wake wenye kughushi. Picha ya simu ni rundo ambalo mnunuzi hawezi kutia mkono ndani yake. Basi muuzaji ndiye mwenye wajibu wa kuutia mkono kwa niaba yake: apige picha penye doa, penye tobo la nondo, penye kola iliyochakaa, na penye zipu isiyopanda. Kugeuza nguo upande ili doa lisionekane, au kuzidisha mwangaza ili rangi iliyopauka ing'are, ni kama kumfunga mnyama chuchu siku kadha ili mnunuzi amdhanie kuwa ana maziwa mengi. Na jambo hilo limekatazwa kwa katazo maalumu, na mnunuzi akapewa haki ya kumrudisha.

Mambo mengine manne yaingia katika mlango huu.

La kwanza ni kushona lebo ya kampuni mashuhuri juu ya nguo isiyokuwa yake, au kuiita mpya nguo iliyovaliwa. Huo ni uwongo wa wazi, na ziada ya bei iliyopatikana kwa uwongo huo ni ya mnunuzi.

La pili ni kuuza usichonacho. Wako watu wanaochukua picha za bidhaa za wengine, wakapokea fedha, kisha ndipo wakaenda kuitafuta nguo sokoni. Mtume alimkataza Hakim bin Hizam kuuza kitu asicho nacho. Mwenye kutaka kazi hiyo na awe dalali kwa ujira wa wazi, au anunue kwanza ndipo auze.

La tatu ni kupandisha bei kwa hila. Muuzaji huwaambia rafiki zake waandike chini ya picha kwamba wanaitaka na kwamba watazidisha, wala hawaitaki. Huo ndio unajishi uliokatazwa, na rafiki mwenye kuandika ana fungu lake la dhambi.

La nne ni bei yenyewe. Kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Shafi ni kwamba kuuza kitu kisichoonwa hakusihi. Na wala haifai kuiuza nguo iliyovaliwa kwa njia ya salamu, yaani kulipia sasa kitu kilichosifiwa, kwa kuwa uchakavu haudhibitiki kwa sifa. Abu Hanifa ameijuzisha bei ya kisichoonwa, kwa sharti mnunuzi awe na khiyari akikiona. Basi njia ya salama ni kuzihesabu fedha zilizotumwa kuwa amana, na maneno ya kwenye simu kuwa ahadi, mpaka furushi lishuke, mnunuzi alifungue na aridhike. Akitokuridhika, arudishe, na wapatane mapema nani alipe nauli. Mwenye kuandika "mali ikiuzwa hairudi" juu ya kitu asichokionyesha, amejiandikia hoja juu ya nafsi yake.

Na hata pasipo uwongo, iko ihsani. Yunus bin Ubaid alikuwa na duka la nguo Basra. Ziko za 400 na ziko za 200. Alikwenda kusali, akamwacha mtoto wa nduguye dukani. Akaja bedui akapenda nguo ya 200, akalipa 400 kwa ridhaa yake. Yunus akamkuta njiani ameibeba, akamrudisha dukani, akamrejeshea 200, na bedui yuwasema kwamba kwao nguo ile ni 500 naye ameridhika. Kisha akamkemea kijana wake. Mtu wa namna hii haimpati kupungukiwa na wateja.

MAS-ALA YA TANO: BELO LILILOFUNGWA

Yaliyosemwa juu ya picha yasemwa juu ya belo pia, na hapa matajiri wa Pwani ndio wakhusikao zaidi. Kuona baadhi hutosha katika kitu kilicho sawa juu na chini, mfano wa rundo la ngano. Nguo za mtumba si hivyo. Belo moja lina koti la sufi, na lina tambara. Kwa kauli ya Shafi, bei ya belo lililofungwa haisihi. Kwa kauli ya Abu Hanifa yasihi, na mnunuzi ana haki ya kurudisha akishaliona. Ama desturi ya sokoni kwamba ukikata kamba ni lako, liwe njema au liwe takataka, haikuafiki kauli hii wala ile. Muuza jumla mwenye kumcha Mungu na alifungue mbele ya mnunuzi, au akubali lirudi. Mwanamke aliyekopa rasilimali yake katika kikoba cha jirani zake, akafungua belo akakuta matambara, hakupatwa na mkosi. Amebebeshwa khasara ya mtu mwingine.

MAS-ALA YA SITA: VIKUTWAVYO MIFUKONI, NA ZAKA

Hutokea fedha au pete kukutwa ndani ya mfuko wa koti. Yapokewa khabari ya mtu wa zamani aliyenunua shamba akakuta mtungi wa dhahabu, akaurudisha kwa muuzaji, akisema kwamba alinunua shamba wala hakununua dhahabu. Basi aliyenunua koti hakununua kilichosahauliwa ndani yake. Koti likitoka nyumba inayojulikana Buswelu, kitu kirudishwe nyumba hiyo. Likitoka ndani ya belo, na hapana tamaa ya kumjua mwenyewe ng'ambo ya bahari, wengi katika wanavyuoni wamesema kitolewe sadaka kwa nia ya mwenyewe.

Na mwenye biashara hii na asisahau zaka kwa kudhani kwamba mitumba ni kitu duni. Ukitimia mwaka, akadirie nguo alizonazo kwa bei ya soko ya siku hiyo, si bei aliyonunulia, azichanganye na fedha zake. Zikifika nisabu, ambayo kwa dhahabu ni kadiri ya gramu 85, atoe fungu 1 katika 40.

KHATIMA

Mukhtasari wa yote ni huu. Faida haikuwekewa kipimo, lakini imewekewa njia. Mwenye kuuza mitumba ana watu watatu mbele yake: maskini aliyekusudiwa na mtoaji, muuzaji asiyejua thamani, na mnunuzi asiyeona. Wote watatu ni wanyonge mbele ya mtu mwenye simu na maarifa, na maarifa ni neema itakayoulizwa. Basi kabla ya kutia picha na ajiulize maneno matatu: Je, kitu hiki kimenifikia kwa haki? Je, aliyeniuzia angejua nijuayo, angesema nimemdhulumu? Je, atakayenunua akikishika mkononi, atakiona kilekile nilichomwonyesha? Akiweza kujibu, basi na auze kwa 50,000 au kwa 500,000, na ale yeye na watoto wake kwa raha. Asipoweza, shilingi 5,000 ni nyingi mno.

Mwenyezi Mungu awaruzuku Waislamu halali na awatosheze nayo. Naye ndiye mjuzi zaidi.